Maswali na Majibu: Sanamu Ndogo za Balsa

Maswali mengi yaliyotufikia safari hii yanahusu sanamu ndogo za mbao za balsa, zile za kukaa kiganjani, zinazotengenezwa kama mazoezi ya misingi ya usanifu: uwiano, urari, mdundo na nafasi tupu. Yanayofanana tumeyaunganisha. Vipimo vyote vya urefu ni vya milimita, na ujazo ni wa sentimita za ujazo. Pale tunapopiga hesabu ya uzito, tumechukua balsa ya wastani, gramu 0.16 kwa kila sentimita ya ujazo.

SWALI: Wahariri, salaam. Ndiyo kwanza nimeanza kozi ya usanifu wa bidhaa, na tumeambiwa mazoezi ya maumbo tutayafanya kwa balsa. Dukani nimekuta mbao zinazofanana kwa macho, lakini ukizishika nyingine ni nyepesi mno na nyingine nzito. Nichukue ipi?

JIBU: Nenda na mizani ndogo ya kidijitali. Balsa (Ochroma pyramidale) ni mti wa Amerika ya kitropiki, na sehemu kubwa ya mbao zake zinazouzwa duniani hutoka Ekuador. Hukua kwa kasi sana, na uzito wa mbao zake hupishana mno: kuna zilizo chini ya kilo 100 kwa mita ya ujazo na kuna zinazovuka 200. Ubao wa kawaida wa 3×100×915 una ujazo wa sentimita 274 hivi. Ukiwa na gramu 27, ni laini mno: kisu kitauponda kabla ya kuukata, na kingo zitachakaa kwa kushikwashikwa tu. Ukifika gramu 55 ni mgumu, na huo uweke kwa ajili ya vijiti vyembamba na mikono inayoning'inia. Kwa kazi nyingine zote, tafuta wa gramu 40 hadi 50.

Kisha utazame uso wake kwenye mwanga. Ubao wenye madoadoa yanayong'aa ulipasuliwa kufuata kipenyo cha gogo. Huo ni mkakamavu, haujikunji, lakini hupasuka kirahisi ukiulazimisha. Ule wenye mistari mirefu isiyo na madoa hukubali kukunjwa kwa upana wake, na ndio wa kutengenezea mapinde. Kwa kuanzia, mbao mbili za unene wa 3, moja ya 1.5, moja ya 6 na bonge moja la 25 zinakutosha kwa muda mrefu.

SWALI: Habari za kazi? Tumepewa zoezi la vipande vitatu vya mstatili: kimoja kitawale, cha pili kisaidie, cha tatu kikamilishe. Nimeshatengeneza kadhaa, na kila mara natoka na kitu kama matofali yaliyopangwa. Kosa liko wapi?

JIBU: Zoezi hili lilienezwa na Rowena Reed Kostellow, aliyefundisha kwa miaka mingi Pratt Institute, New York. Linaonekana la kitoto na ndiyo maana wengi huliharakisha. Kosa lako, tukikisia kutokana na neno "matofali", ni kwamba vipande vyako vinapishana ukubwa lakini vina tabia moja. Ukipunguza mchemraba mkubwa ukapata mdogo, bado una michemraba miwili.

Anza na vipimo hivi, kisha utavivuruga mwenyewe baadaye. Kipande kinachotawala: 70×40×25. Cha pili: 90×22×6. Cha tatu: 45×8×5. Tazama mambo mawili. Kwanza, hakuna kipimo kinachojirudia popote. Pili, cha kwanza ni bonge, cha pili ni bamba, cha tatu ni kijiti. Bamba ni refu kuliko bonge, lakini haliwezi kulinyang'anya utawala, kwa sababu ujazo wa bonge ni sentimita 70 na wa bamba ni 12 tu. Kijiti hakifiki hata 2. Kila hatua inashuka karibu mara sita, na jicho linajua nani mkubwa bila kuambiwa. Ukianza na mara mbili mbili, vipande vinagombana.

Kama huna bonge la 25, gundisha tabaka tano za ubao wa 5, nyuzi zote zikielekea upande mmoja. Paka gundi nyeupe nyembamba, panga, kisha weka ubao bapa juu na uzito wa kilo moja au mbili, uache usiku kucha. Tabaka zikipishana mwelekeo wa nyuzi, kila moja itachukua msasa kwa namna yake na ubavu utabaki na matuta.

Sasa mpangilio. Usiguse gundi. Tumia pini nyembamba, mbili kwa kila kiungo, maana pini moja inaacha kipande kizunguke. Mhimili wa kila kipande uelekee upande wake: bonge lisimame, bamba lilale, kijiti kitoke mbele au nyuma. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza kina: vipande vyote vitatu hukaa kwenye uso mmoja, na sanamu inageuka picha inayotazamwa kutoka mbele tu. Zungusha kitako robo duara, tazama, zungusha tena. Ukikuta upande ambao kipande kimoja kimefichwa kabisa, sogeza.

Kosa la pili ni kingo kulingana. Ukingo wa bamba ukienda sambamba sawasawa na ukingo wa bonge, jicho huvisoma kama kitu kimoja. Acha pengo la wazi, walau 6 hivi. Tofauti ya 1 au 2 ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa inaonekana kama umekosea kupima.

La tatu ni viungo. Kubandika uso kwa uso ndiko kunakoleta hali ya matofali. Jaribu bamba kupenya ndani ya bonge, likalie kwenye mfereji, au lipande pembeni likishika pembe. Mfereji wa bamba la 6 usiupime kwa rula. Simamisha bamba lenyewe juu ya bonge, chora pande zote mbili kwa penseli kali, kata ndani ya mistari ukiacha nusu milimita kila upande, kisha panua kwa msasa uliozungushwa kwenye kipande cha ubao wa 5. Kina cha 8 hadi 12 kinatosha kwa bonge la ukubwa huo. Bamba liingie kwa kusukumwa na kidole kimoja. Ukihitaji kubana, utaponda kuta za mfereji na kiungo kitalegea kesho yake.

Kijiti cha tatu tuna maoni makali nacho: kikionekana kama pambo, kitoe. Kipe kazi, kwa mfano kuonyesha mwelekeo ambao viwili vya kwanza havina, au kuifunga nafasi tupu iliyobaki wazi upande mmoja. Ili uione hiyo nafasi tupu, weka sanamu mbele ya dirisha na piga picha dhidi ya mwanga, iwe kivuli cheusi. Matundu na mapengo yote yawe na maumbo tofauti, kama vipande vyenyewe.

Tengeneza mipangilio mitano kwa vipande vilevile, ukipiga picha kila mmoja kutoka pande nne, kabla ya kuamua. Balsa inakuruhusu hilo kwa kuwa pini huingia kwa kidole na tundu lake karibu halionekani.

SWALI: Nikikata kukingama nyuzi, mwisho wa ubao unabomoka na kuacha manyoya. Nikikata kufuata nyuzi, kisu kinatoroka. Kisu ni kipya.

JIBU: Kisu kipya si lazima kiwe kikali, tazama ncha ya wembe, kwani huvunjika kwanza hapo na hutaigundua mpaka ukate. Kwa balsa, badilisha wembe mara tu mkato unapoanza kuacha vumbi jeupe pembezoni. Fundi mchoyo wa wembe huharibu mbao nyingi.

Kwa mkato wa kukingama, bandika utepe wa karatasi juu ya mstari, weka ubao juu ya kipande chakavu kigumu, na pitisha kisu mara nne au tano badala ya moja. Mpito wa kwanza uwe mwepesi kiasi cha kuacha alama tu. Kazi yake ni kukata nyuzi za juu. Ubao wa 3 utaisha kwa mpito wa nne. Ukibakiza mpito wa mwisho, geuza ubao umalizie upande wa pili, ndipo nyuzi za chini hazitang'oka. Kuanzia unene wa 6, weka kisu chini na uchukue msumeno wenye meno madogo, kwa sababu wembe ndani ya ubao mnene hulala upande na kukupa ukingo wa mshazari.

Kuhusu kisu kutoroka, kinafuata nyuzi, na nyuzi za ubao hazinyooki sambamba na ukingo wake kama unavyodhani. Rula ya chuma iweke juu ya kipande unachokitaka, si juu ya takataka. Kisu kikipotea, kipotelee kwenye takataka. Kikianza kuingia chini ya rula, geuza ubao na ukate kutokea mwisho wa pili.

Mwisho uliobomoka kidogo unatengenezeka. Paka gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji nusu kwa nusu, subiri ikauke kabisa, kisha piga msasa namba 240 uliobandikwa kwenye kibao bapa. Msasa wa kushika kwa vidole hula pembe na kuacha kati, na umbo lililotakiwa kuwa na kingo kali linatoka limevimba.

SWALI: Sanamu yangu inahusu urari usio na ulinganifu: nguzo moja, mkono mrefu upande mmoja, na mchemraba mwishoni. Ilisimama vizuri siku tatu, nikaipaka rangi, ikaanguka. Naweza kuficha chuma kwenye kitako?

JIBU: Unaweza, lakini tusubiri kidogo, kwa sababu sanamu yako imekwisha kukueleza tatizo. Hukutuandikia vipimo, basi tuchukue kitako cha 60×60×10, nguzo ya 10×10×100 katikati, na mchemraba wa 30 ambao kati yake iko 80 kutoka katikati ya nguzo. Kitako kina gramu 5.8, nguzo 1.6, mchemraba 4.3. Mkono mwembamba hauongezi kitu cha maana.

Sanamu ikianguka itazungukia ukingo wa kitako, yaani 30 kutoka katikati. Kinachoangusha ni mchemraba: gramu 4.3 mara 50 zilizozidi ukingo, jumla 215. Kinachozuia ni kitako na nguzo, vyote viwili vikiwa 30 ndani ya ukingo: gramu 7.4 mara 30, jumla 222. Tofauti ni 7 tu. Mchemraba una nyuso sita za kunyonya rangi, na sehemu ya saba ya gramu moja iliyoongezeka mwishoni mwa mkono inamaliza tofauti yote.

Sasa, kabla ya chuma, sogeza nguzo 15 kuelekea upande usio na mkono. Mchemraba sasa unazidi ukingo kwa 35, unaangusha kwa 150. Nguzo iko 45 ndani ya ukingo, inazuia kwa 72, na kitako bado 174, jumla 246. Hujaongeza hata gramu moja na sanamu imetulia. Na kwa macho pia imekuwa bora, maana eneo tupu la kitako lililo chini ya mkono linaupa mkono kitu cha kuning'inia juu yake.

Urari wa macho na urari wa uzito ni vitu viwili, na balsa inakulazimisha kuvitenganisha. Umbo kubwa jeupe linaonekana zito ilhali halina uzito. Kijiti cheusi kinavuta jicho kuliko ukubwa wake. Katika shule ya Bauhaus, Ujerumani, László Moholy-Nagy aliyeanza kufundisha huko mwaka 1923 aliwapa wanafunzi wake mazoezi ya urari kwa mbao, chuma na kioo pamoja, ambapo kipande kidogo cha chuma kinasawazisha mbao ndefu. Kama unataka chuma, kiweke mahali pa kuonekana, kiwe sehemu ya hoja. Washa (pete bapa ya chuma) ya gramu 20 iliyofichwa chini ya kitako itashika chochote utakachojenga juu, na hapo zoezi la urari limekwisha bila wewe kujifunza urari.

Kama sanamu ina umbo gumu lisilopigika hesabu, tumia timazi. Itundike kwa uzi kutoka sehemu yoyote, ning'iniza uzi mwingine wenye kauzito kutoka hapohapo, na weka alama za pini unapopita. Rudia kutoka sehemu nyingine. Nyuzi mbili zinapokutana ndipo kitovu cha uzito kilipo. Isimamishe tena: pointi hiyo iwe juu ya kitako, ndani ya ukingo kwa walau 5.

SWALI: Gundi ipi? Ya papo hapo inanishika vidole kuliko mbao.

JIBU: Gundi nyeupe ya mbao kwa karibu kila kitu. Kichwa cha ubao, pale nyuzi zinapoishia, hunywa gundi yote na kuacha kiungo kikavu. Kwa hiyo paka mara mbili: tabaka jembamba la kwanza, subiri dakika tano hadi kumi, kisha la pili na uunganishe. Shika kwa pini au utepe nusu saa, na usiuwekee mzigo mpaka kesho yake. Iliyofurika ifute kwa kijiti chenye ncha bapa mara moja, kwa kuwa ikikauka haipokei rangi na doa litaonekana daima.

Gundi ya papo hapo itumie kwa kijiti kisichoweza kushikwa kwa pini, tone moja kwenye ncha ya sindano. Iliyo nyepesi kama maji hupenya kwenye vinyweleo vya balsa ikatokea upande wa pili, kwenye kidole chako. Usiifute kwa kitambaa cha pamba, maana ikikutana na pamba hupata joto kali la kuunguza.

SWALI: Naomba njia rahisi ya kufanya zoezi la mdundo. Nikipanga vipande kwa umbali sawa inatoka uzio.

JIBU: Acha umbali ukue. Kata vipande sita vya 40×12 kutoka ubao wa 3. Visimamishe juu ya kitako cha urefu wa 70, na mapengo kati yao yawe 1.5, 3, 4.5, 7.5 na 12. Kila pengo kuanzia la tatu ni jumla ya mawili yaliyotangulia. Uzuri wake ni kwamba hupimi chochote: mapengo yote yanatoka kwenye vibao vya 1.5 na 3. Pengo la 7.5 ni vibao viwili vya 3 na kimoja cha 1.5; la 12 ni vinne vya 3. Viweke katikati bila gundi, gundisha vipande chini, vitoe gundi ikianza kushika. Vifunge vibao hivyo kwa utepe wa plastiki la sivyo vitabaki humo.

Ukimaliza, fanya toleo la pili lenye mapengo yaleyale lakini urefu wa vipande ukipungua kwa 4 kila hatua. Usibadilishe na upana pia. Ukibadilisha mambo mawili kwa mpigo hutajua lipi limeleta unachokiona.

SWALI: Nawezaje kukunja balsa bila kuivunja?

JIBU: Chukua ubao wa 1.5, ule wa mistari mirefu isiyo na madoa. Uloweke kwenye maji ya moto dakika 20, uzungushe kwenye chupa huku nyuzi zikienda sambamba na urefu wa chupa, funga kwa bendeji au vitambaa vipana (uzi mwembamba huchora), na uache ukauke siku nzima. Ukiufungua utarudi nyuma kidogo, kwa hiyo chagua chupa nyembamba kuliko pinde unalotaka. Pinde lisilorudi kabisa hutengenezwa kwa tabaka mbili zilizokunjwa pamoja na kugundishwa zikiwa bado kwenye chupa, baada ya kukauka. Tabaka ya nje iwe pana kidogo, kwani inazunguka njia ndefu zaidi.

SWALI: Nipake rangi au nisipake?

JIBU: Kwa mazoezi, usipake. Rangi moja ya mbao inaacha mwanga na kivuli vifanye kazi, na ndivyo unavyovisoma hapa. Kama ni lazima, ziba vinyweleo kwanza kwa silaa ya mbao mara mbili, ukipiga msasa namba 320 kati ya tabaka la kwanza na la pili, kisha rangi nyembamba isiyong'aa. Ubao mwembamba upakwe pande zote mbili kwa wakati mmoja, la sivyo utajikunja kuelekea upande mmoja.

SWALI: Nimeuminya ubavu wa bonge kwa ukucha na sanamu imekwisha gundishwa. Kuna dawa?

JIBU: Ipo, kama nyuzi zimebonyea bila kukatika. Weka tone la maji kwenye shimo, subiri dakika mbili, funika kwa kitambaa chenye unyevu na gusa kwa ncha ya pasi ya moto sekunde tatu au nne, mbali na viungo, kwani gundi nyeupe hulainika kwa joto. Mvuke utazivimbisha nyuzi. Rudia mara moja ikibidi, acha ikauke saa chache, kisha msasa namba 400. Nyuzi zikiwa zimekatika, mvuke hautasaidia. Jaza kwa vumbi la msasa la balsa lililochanganywa na gundi nyeupe, libaki limevimba kidogo juu ya uso, na ulisawazishe likishakauka.